Nameza vidonge sita vya kumbukumbu na bado nasahau

Dada mfamasia, salamu.

Mimi ni mwalimu, nina miaka 54. Kwa mwaka na nusu sasa kichwa changu kimekuwa kama cha mtu mwingine. Nasimama mbele ya darasa, neno nililolifundisha miaka ishirini linanitoka na halirudi mpaka nimeshafika nyumbani. Mwezi huu nimeunguza sufuria mara mbili. Juzi nilimwita mwanafunzi kwa jina la kaka yake aliyemaliza shule zamani. Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao, lakini nilipofika chumba cha walimu nililia.

Kilichoniliza ni baba. Naye alianza hivihivi alipovuka miaka 70. Kwanza funguo, kisha majina, mwisho akawa ananiuliza mimi ni binti wa nani. Nilimuuguza miaka sita. Sitaki wanangu wayaone kwangu niliyoyaona kwake.

Basi nimejitahidi. Asubuhi na jioni nameza ginko, vidonge vya mmea vinavyosifiwa kwa kumbukumbu. Nina mafuta ya samaki ya omega-3, vitamini B mchanganyiko, kapsuli za manjano zilizotiwa pilipili manga, na tangu mwezi uliopita jinsengi. Rafiki yangu akaniongezea vidonge vya nywele, ngozi na kucha, akasema na ubongo unafaidika humohumo. Jumla sita. Sioni tofauti.

Dawa zangu za kawaida ni metformini ya kisukari, gramu moja asubuhi na gramu moja jioni, huu mwaka wa tisa. Aspirini ndogo ya kila siku niliyoandikiwa na daktari. Na omeprazoli ya kiungulia, ambayo hununua mwenyewe kwa mwaka wa nne sasa. Usingizi nao umenikimbia, kwa hiyo kila usiku natumia kidonge cha aleji, kile kinachosinzisha. Ni miezi minane. Pia siku hizi nyayo zangu zimekuwa kama nakanyaga pamba, na mikononi natokwa na michubuko bila kujigonga, lakini hayo nadhani ni umri tu. Daktari sijamwambia habari za virutubisho kwa sababu ni mimea na vitamini, si dawa.

Kijana wangu wa mwisho ana mtihani mkubwa miezi mitatu ijayo, naye nimeanza kumpa ginko. Wenzake wanatumia vidonge vingine vya kukesha na kukaza akili, ananisumbua nimtafutie.

Naomba unieleze: katika hivi vyote kipi ndicho cha kweli, na niongeze nini?

Mwalimu anayesahau

*

Mwalimu, dada yangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Umeniuliza uongeze nini, na ningependa kukujibu hilo, ila kila nikisoma macho yangu yanarudi kwenye mambo uliyoyaandika kama ya kupita tu: nyayo za pamba, kidonge cha aleji, michubuko. Majibu yako mengi yamo humo. Virutubisho nitavifikia.

Nianze na nyayo. Umetumia metformini gramu mbili kwa siku kwa miaka tisa. Ni dawa nzuri, na tafadhali usiiache kwa sababu ya barua hii. Lakini ina tabia moja inayojulikana vizuri: inapunguza vitamini B12 mwilini, hasa kwa mtu anayetumia dozi kubwa kwa miaka mingi. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitangaza kwamba upungufu huu sasa uhesabiwe kuwa miongoni mwa madhara ya kawaida ya metformini, na ikawataka waganga wawapime wagonjwa wenye dalili. Juu ya hapo wewe umeweka omeprazoli miaka minne. B12 iliyomo kwenye chakula imeshikamana na protini, na asidi ya tumbo ndiyo inayoibandua. Ikishabanduliwa hushikwa na protini maalumu inayotengenezwa na tumbo, ikasindikizwa hadi mwisho wa utumbo mwembamba, na huko ndiko inakoingia mwilini. Omeprazoli inaizuia mwanzoni mwa safari, metformini inaizuia mwishoni.

Kwa nini hukuona kitu miaka ya kwanza? Kwa sababu ini lina akiba ya B12 inayoweza kutosha miaka. Akiba inapungua kimyakimya. Ikifika chini, mishipa ya fahamu ndiyo inayolalamika, kwa kuwa B12 inahitajika kutunza ile ala inayoifunika mishipa hiyo mfano wa plastiki inayofunika waya wa umeme. Miguu inakufa ganzi au inakuwa kama inakanyaga pamba. Ulimi unaweza kuuma na kuwa laini kama ulioparwa. Mtu anachoka, anakosa raha, anasahau. Wengine hufikishwa hospitali na ndugu zao wakidhaniwa wana demensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili.

Sisemi ndiyo B12 tayari. Kisukari chenyewe kinaharibu mishipa ya miguu, na ganzi yako inaweza kuwa imetoka huko, au kote kuwili. Ninachosema ni kwamba hili linapimwa, na ukifika kliniki uliombe kwa jina lake: kipimo cha B12 pamoja na picha kamili ya damu. Matokeo yakiwa katikati, si ya chini wala si ya kutosha, kuna kipimo kingine cha asidi ya methilimaloniki kinachosaidia kuamua. Omba pia wastani wa sukari wa miezi mitatu, kipimo cha tezi ya thairoidi, na miguu yako ikaguliwe. Usingoje miadi ya mwisho wa mwaka, nenda wiki hii. Mishipa iliyokosa B12 kwa muda mrefu inaweza isirudi yote, hata ukitibiwa vizuri.

Hapa virutubisho vyako viwili vinaweza kuwachanganya wapimaji, na watu wengi hawalijui hili. Cha kwanza ni vitamini B mchanganyiko. Kwa kawaida ndani yake mna asidi ya foliki, vitamini nyingine ya kundi la B, nayo ina uwezo wa kurekebisha ule upungufu wa damu unaoletwa na ukosefu wa B12, hivyo damu ikaonekana nzuri huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuumia. Mna pia B12 kidogo, inayoweza kukipandisha kipimo bila kuziba pengo lililopo. Cha pili ni vidonge vya nywele na kucha. Hivyo mara nyingi vina biotini nyingi sana, nayo pia ni vitamini ya kundi la B, na biotini inavuruga baadhi ya vipimo vya maabara, kikiwemo cha thairoidi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu jambo hili mwaka 2017. Acha vyote viwili kuanzia leo, na ukifika maabara waambie ulikuwa unavitumia na uliacha lini. Wala usikimbilie kununua B12 ya dozi kubwa kabla damu haijachukuliwa.

Ikithibitika kwamba imepungua, tiba ipo na si ngumu: sindano, au vidonge vya mikrogramu 1,000 kila siku. Utashangaa kwa nini dozi ni kubwa kiasi hicho wakati mwili unahitaji mikrogramu mbili na kitu kwa siku. Ni kwa sababu hata ile njia ya kawaida ikiziba, karibu asilimia moja ya B12 hupenya yenyewe kwenye ukuta wa utumbo, na asilimia moja ya elfu moja inatosha. Kama mishipa imeshaumia, waganga wengi huanza na sindano. Na hiyo omeprazoli ya kujinunulia miaka minne, muulize daktari kama bado unaihitaji.

Sasa kidonge cha aleji. Hiki kimenisikitisha kuliko vyote, kwa sababu watu wanakiona kama peremende. Dawa za aleji za kizazi cha zamani, zile zinazosinzisha kama klorofeniramini na difenhidramini, zinaziba kazi ya asetilikolini. Hiyo ni kemikali ambayo seli za ubongo hutumiana zinapohifadhi kumbukumbu, na ndiyo inayopungua kwa mgonjwa wa Alzheimer, aina ya demensia inayoonekana zaidi. Dawa ambazo huenda baba yako alipewa, kama donepezili, kazi yake ni kuifanya asetilikolini idumu zaidi ubongoni. Wewe kila usiku unameza kinachofanya kinyume chake, halafu asubuhi unameza ginko ili ukumbuke. Hata usingizi unaoletwa na kidonge hicho si mzuri. Unaamka na kichwa kizito, na ukungu unaendelea mpaka saa za darasani.

Kwa kuwa umekitumia miezi minane, usikate ghafla. Punguza taratibu, kwa mfano nusu kidonge kwa wiki mbili kisha usiku mmoja mmoja, kwa maelekezo ya daktari wako. Siku chache za mwanzo usingizi utakusumbua zaidi, vumilia, zitapita. Ila mweleze daktari ni kitu gani kilichoufukuza usingizi tangu mwanzo. Kwa miaka yako huenda ni ukomohedhi: joto la ghafla usiku, jasho, kuamka saa tisa na kubaki ukitazama dari. Ukomohedhi wenyewe huwaletea wanawake wengi ukungu wa akili na kusahau maneno, na kwa wengi hali hiyo hupungua baadaye. Au unakoroma na kuamka umechoka? Mwenzio wa chumbani akikwambia pumzi yako inasimama usingizini, hilo lifikishwe kliniki, kwa sababu ubongo unaokosa hewa usiku hauwezi kushika kitu mchana. Na kama moyo wako umekuwa mzito, kama vitu ulivyovipenda havikupi raha tena, sema. Huzuni kubwa inasahaulisha hata kijana, nawe umemuuguza baba miaka sita.

Michubuko. Aspirini inazuia damu isigande upesi, na ndiyo sababu umeandikiwa. Ginko nayo huenda inavuta upande huohuo, na mafuta ya samaki ya dozi kubwa vilevile. Umeziweka tatu pamoja bila anayekuandikia kujua. Acha ginko leo. Aspirini endelea nayo mpaka daktari aseme vingine. Ukiona kinyesi cheusi kama lami, au ukapatwa na maumivu makali ya kichwa ya ghafla, hiyo ni dharura, usisubiri kupambazuke. Siku yoyote utakayong'olewa jino au kufanyiwa upasuaji, habari za ginko uzitaje mapema.

Na usidhani kwamba kwa kuiacha unapoteza dawa. Ginko imepimwa kuliko mmea wowote wa kumbukumbu. Marekani watafiti waliwachukua watu 3,069, wengi wao wakiwa na miaka 75 na kuendelea, wakawagawa: nusu ginko miligramu 120 mara mbili kwa siku, nusu kidonge kitupu kinachofanana nayo. Waliwafuatilia kwa takriban miaka sita. Matokeo yalitoka mwaka 2008: waliopata demensia upande wa ginko hawakuwa wachache kuliko upande wa pili. Ufaransa nao walijaribu kwa miaka mitano, watu zaidi ya 2,800, wakaripoti mwaka 2012 jambo lilelile. Nimewahi kusimama kaunta nikaulizwa kuhusu ginko na watu waliokuwa wanatamani niwape tumaini kwa macho yao, na kila mara inaniuma kuwaambia. Lakini afadhali niwaambie.

Jinsengi inaweza kuishusha sukari, nawe uko kwenye dawa ya sukari. Mtu ambaye sukari yake inapandashuka hujiona ana ukungu kichwani, akaamini ndiyo kumbukumbu. Iache. Manjano ya kupikia hayana neno, endelea kuyatia kwenye mchuzi. Kapsuli ni jambo jingine. Kiini chake hakifyonzwi vizuri na utumbo, ndiyo maana wanatia pilipili manga, na pilipili manga hiyo hufungulia mlango hata dawa nyingine, zikaingia mwilini kwa kiwango ambacho hakuna aliyekipanga. Wapo watu walioumia ini kwa kapsuli hizi. Macho yakigeuka ya njano au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, hiyo ni hospitali. Omega-3 imenifanyia kazi rahisi: katika jaribio kubwa la Marekani lililoripotiwa mwaka 2015, wazee wapatao 3,500 walifuatiliwa kwa miaka mitano, na kumbukumbu za walioimeza hazikutofautiana na za wasioimeza. Samaki kwenye sahani ni chakula kizuri, kula ukimpata.

Kuna kimoja nisichotaka kukidharau, maana ningekuwa sikutendei haki. Ni kile kidonge cha vitamini nyingi pamoja na madini. Kwanza kilipimwa kwa madaktari wanaume 5,947 wa Marekani wenye miaka 65 na zaidi, kwa miaka 12, na matokeo ya mwaka 2013 hayakuonyesha faida yoyote kwa akili. Baadaye utafiti mwingine, nao wa huko Marekani, ukatoa ripoti mwaka 2022 na 2023: wazee waliokimeza walifanya vizuri kidogo zaidi kwenye majaribio ya kukumbuka. Kidogo. Haikuonyeshwa kwamba kinazuia demensia. Shirika la Afya Duniani lilipoandika mwongozo wake mwaka 2019 lilisema wazi kwamba vitamini B, vitamini E, mafuta ya aina ya omega na vidonge vya mchanganyiko visipendekezwe kwa ajili ya kuzuia akili isififie. Ukinilazimisha niseme, mtu mzima ambaye mlo wake ni finyu akimeza kidonge kimoja cha vitamini nyingi chenye viwango vya kawaida, sitamzuia. Sita, namzuia. Hata vitamini zina ukomo: B6 ikizidi kwa muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na B6 imo kwenye B mchanganyiko wako na inawezekana imo pia kwenye vile vya nywele. Soma maandishi ya nyuma ya chupa ujumlishe mwenyewe.

Umeuliza kipi ndicho cha kweli. Kirutubisho kinafanya kazi kwa mwili uliopungukiwa nacho. Mtoto aliyekosa madini joto tangu tumboni anaathirika akili, na chumvi yenye madini joto, mama akiitumia mapema, inamkinga. Msichana mwenye upungufu wa madini chuma akipewa chuma, darasani anaamka. Mlevi aliyeishiwa vitamini B1 anaweza kupoteza kumbukumbu kabisa asipoongezewa haraka. Hizo ni kazi za kweli, nimeziona. Lakini gari ambalo tangi lake limejaa, ukilimiminia mafuta zaidi yanamwagika chini tu. Ndiyo maana nakusukuma kwenye vipimo kabla ya duka.

Na hilo ulilosema kwamba ni mimea, si dawa. Galantamini, mojawapo ya dawa zinazoandikwa kwa wagonjwa wa Alzheimer, ilitoka kwenye maua ya jamii ya Galanthus. Mmea ukiwa na nguvu ya kweli ya kugusa ubongo, una pia nguvu ya kudhuru, na unastahili kupimwa dozi na kuandikwa kwenye kadi yako. Marekani, ambako nyingi ya chupa hizi zinatoka, sheria ya mwaka 1994 inaruhusu kirutubisho kiuzwe bila kwanza kuthibitisha mbele ya serikali kwamba kinafanya kazi. Maneno "husaidia kumbukumbu" kwenye lebo hayana uzito unaoudhania.

Sasa baba yako, na hofu uliyonayo. Dalili zilizompata baada ya miaka 70 zinakuongezea hatari kiasi, lakini hazikuandikii hatima. Neno kukutoka na kurudi jioni, sufuria kuungua kwa mtu aliyechoka na kusinzia, jina la kaka badala ya mdogo mtu: haya ni ya wengi. Yanayonitisha mimi ni mtu kupotea kwenye njia anayopita kila siku, kurudia swali lilelile mara tano kwa saa moja bila kujua, kushindwa hesabu za fedha alizozifanya maisha yote, na watu wa nyumbani kuona mabadiliko ambayo yeye haoni. Hayo hukuyaandika. Hata hivyo, mwombe daktari akufanyie kipimo cha kumbukumbu, kile cha maswali na michoro. Huchukua dakika chache. Ukiwa nacho kwenye faili, mwaka kesho kitalinganishwa na kingine, na hutabaki ukijipima mwenyewe usiku ukiwa na hofu.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililokusanywa na jarida la kitabibu la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo, kama yangeondolewa yote, karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kwako wewe ningeanza na matatu. Sukari, ambayo unaijua. Presha: kama imepanda, itibiwe ipasavyo, maana jaribio kubwa lililoripotiwa mwaka 2019 lilionyesha kwamba miongoni mwa waliobanwa presha ikashuka zaidi, walioingia ile hatua ya mwanzo ya kufifia akili walikuwa wachache zaidi. Na masikio. Wewe umekaa miaka mingi ndani ya kelele za darasa. Kama unawaomba watu warudie, kapime. Mtu asiyesikia vizuri hawezi kukumbuka ambacho hakikumfikia, na ubongo wake unachoka kwa kukisiakisia. Kutembea kwa haraka nusu saa, siku nyingi za wiki, kunaigusa sukari, presha, usingizi na moyo kwa pamoja. Sina kidonge cha kukupa kinachofanya hayo.

Kijana wako mnyang'anye ginko, kwa upole. Ubongo wa kijana mwenye afya hauna pengo la kuzibwa na jani. Vile vya wenzake ndivyo vinavyonikosesha amani zaidi. Mara nyingi huwa ni dawa za kuandikiwa na daktari, kama methilifenideti au modafinili, zilizopita mlango wa nyuma. Kwa mwenye ugonjwa unaozihitaji ni dawa halali. Kwa kijana mzima zinapeleka moyo mbio, zinaondoa hamu ya kula, na zinamfanya akeshe. Na kukesha ndiko kunakomwibia, kwa sababu yale aliyosoma mchana yanapangwa na kukazwa ubongoni akiwa amelala. Kwa usiku mmoja analala kwa muda wa saa ngapi? Ikiwa ni saa nne au tano tu za usingizi, hapo ndipo pa kuanzia. Kahawa ya jioni nayo ikome, kwani muda wa saa tano hivi baada ya kuinywa, karibu nusu ya kafeini bado inazunguka mwilini.

Njia ya kusoma nayo ina uzito. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi maandishi wasome. Kundi moja liliyarudia kuyasoma. Jingine liliyafunika na kuandika yale liliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Mwanao afunge daftari, aandike anachokumbuka kwenye karatasi tupu, kisha afungue aone alichoacha, na arudie baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki. Wewe ni mwalimu, utamtungia maswali vizuri kuliko kidonge chochote. Na mkifanya pamoja, mezani, nawe utapata mazoezi.

Ya wiki hii ni haya. Chukua mfuko, tia ndani chupa na paketi zote, za daktari na za kujinunulia, hata ile ya aleji, uende nazo kliniki zilivyo. Usizitaje kwa kichwa, utasahau moja, na hiyo moja inaweza kuwa ndiyo. Sema maneno haya: "Natumia metformini mwaka wa tisa, nyayo zimekufa ganzi, nasahau, naomba nipimwe B12." Ukiambiwa ni umri tu, rudia tena kwa heshima.

Jikoni weka simu ilie kila unapobandika sufuria, mpaka tujue kinachoendelea. Na matokeo yakitoka niandikie, hata kama B12 itakuwa sawa, ili tutazame upande mwingine pamoja.

Dada yako, mfamasia